Ankara za kielektroniki: nani anufaike?

Nyuma ya ankara ya kielektroniki unayopewa dukani kuna programu. OBR, mamlaka ya mapato ya Burundi, inawataka wafanyabiashara wanaotoza TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 waunganishe mauzo yao na mfumo wake.

Yakuhusu nini? Kwanza, kodi uliyolipa haibaki mfukoni mwa mwenye duka. Pili, ni riziki: fundi wa kompyuta wa Buyenzi, jijini Bujumbura, anayeunganisha programu ya stoo, kisha kumfundisha karani kufuta ankara iliyokosewa, amepata mteja wa kudumu.

Tugeukie upande wa pili. Umeme ukikatika na intaneti ikisuasua, foleni inarefuka, na fundi anataka malipo yake. Je, gharama hizo atazibeba mwenye duka, au utazikuta kwenye bei ya mchele?