Asili ya Neno "Deadline"



Karani akiambiwa hesabu zifike kwa mkubwa wake Ijumaa saa kumi, husema ana "deadline". Mzazi mwenye karo ya kulipa husema vivyo hivyo, na mtu aombaye kazi pia. Tumelizoea mno neno hili, hata wasiojua Kiingereza wanalo. Lakini likipasuliwa vipande viwili, huonekana kuwa ni "mstari" na "kufa". Je, ni nani waliokufa, na mstari huo ulikuwa wapi?

Ulikuwa Marekani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hata 1865, majimbo ya kusini yalipopigana na yale ya kaskazini. Mnamo Februari 1864 jeshi la kusini lilianza kuweka mateka katika kambi ya Andersonville, jimbo la Georgia. Kambi hiyo ilikuwa boma la magogo marefu yaliyosimamishwa bega kwa bega, na mateka wakajitengenezea vibanda vya fito na mablanketi. Ilikusudiwa watu 10,000 hivi. Kufika Agosti walikuwamo zaidi ya 32,000.

Ndani ya boma, kama futi 19 kutoka ukutani, zilipigiliwa fito juu ya vigingi vifupi kuuzunguka uwanja wote. Hizo ndizo zilizoitwa "dead line". Walinzi walikaa na bunduki katika vibanda juu ya ukuta, na amri yao ilikuwa fupi: atakayevuka apigwe risasi. Kijito kilipita katikati ya boma, kichafu kupita kiasi, ila pale kilipoingia, karibu na mstari, maji yalikuwa na nafuu. Mwenye kiu aliyenyosha mkono chini ya fito kuyateka aliweza kuuawa papo hapo. Walionusurika walieleza hayo baadaye. Walakini wengi zaidi walimalizwa na njaa, kuhara na kiseyeye. Katika mateka wapatao 45,000 waliopita pale, karibu 13,000 walikufa.

Vita vilipokwisha, mkuu wa gereza hilo, Kapteni Henry Wirz, alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na ule mstari ulitajwa katika mashtaka yake. Alinyongwa tarehe 10 Novemba, 1865.

Miaka mingi baadaye waandishi wa magazeti wa Marekani walilitumia neno hilo kwa saa ya mwisho ya kupokea habari. Habari iliyochelewa haikupigwa chapa. Mtu alipona, ikafa habari yake. Kutoka magazetini likaingia maofisini.

Mimi siwalaumu wanaolitumia. Ila hustaajabia jinsi lugha yetu ilivyoshika njia nyingine. Tunalo "makataa", neno kali kweli, lakini tunalo pia "muhula", ambalo asili yake ni nafasi apewayo mtu ili ajiweze. Mdeni huomba muhula wala haoni haya. Hata mkubwa yule anayemtisha karani wake kwa "deadline", akibembelezwa, mara nyingi humwongeza siku mbili. Pale Andersonville hapakuwa na wa kubembelezwa.

Uwanja wa boma lile umehifadhiwa na serikali ya Marekani. Nguzo nyeupe zimesimamishwa majanini: safu ya nje yaonyesha ulipokuwa ukuta, na ya ndani ulipopita mstari.