Kamera Ndogo na Picha Moja

Wako vijana wengi wapendao kupiga picha ambao, wakikutana, huulizana kwanza bei ya kamera. Usiku huu twataka kuwasimulia habari za Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1908, tupate kupima kama ni kamera iliyomfanya bingwa, au ni jambo jingine.

Ujanani alikuwa na kamera ya Brownie, aina iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1900 kwa dola moja. Ni kasha tu lenye lenzi, na jicho lake hufumba polepole. Mtu asimamaye kimya hutoka vizuri, bali akimbiaye hutoka kama ukungu. Naye aliitumia kwa picha za mapumziko, maana moyo wake ulikuwa katika uchoraji. Alijifunza Paris kwa André Lhote, mwalimu aliyeshika sana kanuni za kupanga mistari na nafasi katika picha. Twasadiki kuwa mafunzo hayo yalimfaa kuliko chombo chochote alichonunua baadaye.

Kisha akasafiri mpaka Côte d'Ivoire, akaishi kwa kuwinda. Alichukua kamera ndogo, lakini hali ya hewa ya huko haikuzihurumia picha zake. Zilizosalimika zilikuwa saba tu. Mwenyewe nusura afe kwa homa ya mkojo mweusi.

Aliporejea kwao, aliona picha iliyopigwa na Martin Munkácsi, mtu wa Hungaria: wavulana watatu Waafrika, uchi, wakikimbilia mawimbi. Imezoea kuitwa kwa jina la Ziwa Tanganyika, ingawa wako wasemao ilipigwa Liberia. Wavulana wanaonekana kwa migongo yao, na hakuna dalili kuwa wamepangwa na mtu. Miguu, mikono na povu la maji vimekutana kwa nukta moja, kwa mpango ambao mchoraji angeuhangaikia siku nzima. Cartier-Bresson alistaajabu kuwa kamera yaweza kufanya hivyo.

Ndipo alipojipatia Leica, mjini Marseille, mwaka 1932. Angalieni mfuatano huo: picha ya mwenzake ilitangulia, kamera ikafuata. Brownie isingeweza kuwanasa wavulana wale. Leica yaweza, tena yaingia mfukoni, na filimu yake moja hutoa picha 36. Sehemu zake zing'aazo alizifunika kwa weusi, watu wasishtuke. Mwaka uleule, nyuma ya kituo cha garimoshi cha Saint-Lazare, Paris, aliipenyeza lenzi katika ua wa mbao akamnasa mtu akiruka dimbwi, kisigino chake karibu kugusa maji, na kivuli chake chini kikimngojea.

Lenzi ya milimita 50 aliyoanza nayo ndiyo aliyoipenda kwa maisha yake yote ya kazi. Katika miaka ya 1970 aliiweka Leica kando, akarudia penseli na karatasi, akachora mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2004.