Pasipoti Iliyoibwa, Nani Anaikagua?

Machi 8, 2014, ndege MH370 ya Malaysia ilipaa kutoka Kuala Lumpur kwenda Beijing ikiwa na watu 239, ikapotea. Ndani walikuwamo vijana wawili wa Iran waliosafiria pasipoti za Mwaustria na Mwitaliano, zilizoibwa Thailand mwaka 2012 na 2013. Polisi hawakuwahusisha na ugaidi. Walikuwa wakitafuta maisha Ulaya.

Kinachouma ni hiki: wizi huo ulikuwa umeripotiwa, na pasipoti zote mbili zilikuwa kwenye kanzidata ya pasipoti zilizoibwa, iliyoanzishwa 2002 na Interpol, shirika la polisi la kimataifa. Uwanjani hakuna aliyeifungua. Kwa hesabu ya Interpol, mwaka 2013 abiria walipanda ndege zaidi ya mara bilioni moja bila pasipoti zao kulinganishwa na orodha hiyo.

Ukiibiwa pasipoti safarini, nenda polisi saa hiyohiyo, kisha ubalozini uombe hati ya dharura. Ukiipata pasipoti iliyoibwa baadaye, usiisafirie, imeshafutwa. Lakini mzigo huu si wa abiria peke yake. Serikali zetu zituambie waziwazi: afisa wa Uhamiaji anapopokea pasipoti Namanga, Entebbe au Dar es Salaam, je, orodha hiyo inafunguka mbele yake?