Joto la Usiku wa Manane

Mama msikilizaji, una miaka 48 au 50. Usiku wa manane unaamka shuka limelowa jasho, moyo unadunda, na asubuhi jirani anakwambia hiyo ni malaria. Kapime, ndiyo, maana malaria haichezewi. Lakini kipimo kikionyesha huna vimelea, ifikirie homoni ya estrojeni.

Homoni ni ujumbe unaosafiri ndani ya damu. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya njegere, huziamuru ovari zitengeneze estrojeni. Kwa wengi, kati ya miaka 45 na 55, mayai huwa yamekaribia kwisha. Pituitari inazidi kuamuru, ovari haziitiki. Estrojeni inaposhuka, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huyumba: joto likipanda kidogo tu, jasho linafunguliwa. Mifupa nayo hupungua uimara, kimyakimya.

Nawe baba, usimnunie mkeo akifungua dirisha saa nane usiku. Na mama, hedhi ikikoma mwaka mzima kisha damu ikarudi, nenda hospitali mapema, usingoje.