Almasi na Kalamu ya Risasi

Kila mmoja na atwae kalamu yake ya risasi, aitazame ncha yake. Jina latudanganya, maana ndani yake hamna risasi hata kidogo. Kile kitu cheusi ni grafaiti iliyochanganywa na udongo, nayo grafaiti ni kaboni, jamaa ya makaa na masizi ya jikoni.

Sasa fikirini almasi, kama zile za Mwadui, karibu na Shinyanga, ambako John Williamson wa Kanada aligundua machimbo mwaka 1940. Almasi hung'aa, tena hukata kioo. Nani angedhani kwamba nayo ni kaboni? Lakini mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant aliichoma almasi, akaona kwamba hewa itokayo ni sawasawa na ile itokayo katika makaa ya uzito uo huo.

Basi, ikiwa asili ni moja, tofauti yatoka wapi? Yatoka katika vifungo. Kila kitu kimefanyizwa kwa atomu, chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo hushikana. Mwaka 1913 William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence waliichunguza almasi kwa miale ya eksirei, wakaonyesha kwamba kila atomu imeshikana na nyingine nne zilizoizunguka. Atakaye kuikwaruza sharti avunje vifungo vingi vilivyo imara. Ndiyo sababu ya ugumu wake.

Katika grafaiti kila atomu hushikana na tatu tu, zikawa tabaka bapa, kama mikeka iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Ndani ya mkeka mshiko una nguvu sana. Lakini nafasi iliyo kati ya mkeka na mkeka ni zaidi ya mara mbili ya ile iliyo kati ya atomu zilizofungana, na mshiko wake ni dhaifu. Uandikapo, mikeka huteleza ikabaki juu ya karatasi. Tena kila atomu ina elektroni moja isiyofungwa mahali pamoja, bali huenda huku na huku katika mkeka. Kwa hiyo grafaiti hupitisha umeme, hali almasi kwa kawaida haipitishi.

Basi mkiulizwa kwa nini kitu hiki ni kigumu na kile ni laini, msitosheke kutaja kilichofanyizwa kwacho. Ulizeni pia: atomu zake zimeshikanaje?