Wali wa jiko au wa umeme: Usalama wa mlo ni wetu sote



Wengi hupika pishori ya Mwea kwa sufuria na jiko la makaa. Maji yakikaribia kukauka, mpishi hupunguza moto, hufunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Wali huiva vizuri, na watoto hugombania ukoko. Lakini jiko hilo lisiingizwe katika chumba kilichofungwa, hata kukiwa na baridi. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na huweza kuua watu wakiwa usingizini.

Sufuria ya wali ya umeme haina moshi. Maji yakiisha, joto hupita nyuzi 100 na swichi hujigeuza yenyewe, wali ukabaki na joto. Ndogo ya wati 500 ikitumika nusu saa hula robo yuniti ya stima. Punguzeni maji kidogo, kwani mvuke hautoki sana.

Stima ikipotea, wali hupoa humo humo. Hapo ndipo penye hatari nyingine, kwa sufuria zote mbili. Wali uliokaa nje huota vijidudu vinavyotoa sumu, na kuupasha moto hakuiondoi sumu hiyo. Uliobaki uingie friji kabla ya saa mbili kupita. Asiye na friji apike wa mlo mmoja.

Kila nyumba itachagua kulingana na mfuko wake. Muhimu ni hewa safi chumbani na wali usiolala nje.