Presha Haiumi
(Maneno aliyosema ndugu mmoja wa genge la reli mbele ya wanachama, Njoro)



Mimi si daktari. Ni mtu wa genge, na elimu yangu ni ya shule ya misheni tu. Nitasema niliyoyaona.

Baba yangu naye alikuwa mtu wa reli. Alipostaafu alirudi shambani hapa Njoro akiwa na nguvu zake. Siku moja alipimwa, akaambiwa ana presha ya damu, akapewa vidonge. Alivimeza miezi mitatu, akajiona mzima, akaviacha. Alisema, "Dawa ni ya mgonjwa, na mimi siumwi." Sisi watoto tukanyamaza, maana mzee haambiwi. Mwaka uliofuata alianguka asubuhi akifungua zizi. Kiharusi kikampooza upande wa kulia, na maneno hayatoki. Sasa mama ndiye humlisha kwa kijiko.

Ndugu zangu, jambo hili si la nyumba yangu peke yake. Mwaka 2007 na 2008 madaktari walipima watu zaidi ya 4,000 wa Nakuru, wote wenye miaka 50 na zaidi. Nusu yao walikuwa na presha. Na mtu aweza kuwa nayo miaka mingi asijue, maana presha haiumi.

Kazi yetu yatufundisha. Kila asubuhi mtu hutembea juu ya njia na spana yake, akitafuta nati iliyolegea na taruma lililooza. Hangoji treni ianguke. Na nati aliyoikaza leo huitazama tena kesho. Mwili nao ni vivyo hivyo. Kipimo kikifika 140 juu, au 90 chini, na kikirudiwa siku nyingine kikawa vile vile, hiyo ni presha. Vidonge haviondoi ugonjwa, huushika tu usipande. Usiviache mpaka daktari aseme. Tena tupunguze chumvi, tuache sigara, na pombe isizidi.

Liko na shauri la fedha. Tukiwa kazini twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Mshahara ukikoma, makato nayo hukoma. Mtu asilijue jambo hilo akiwa tayari mlangoni mwa hospitali.

Kwa hiyo naomba chama mambo matatu:

1. Tuwaombe wakubwa wa kazi mashine ya kupimia presha iletwe landhi kila miezi mitatu.
2. Mwanachama anayekaribia kustaafu aonyeshwe namna ya kuendelea na bima yake.
3. Kila tawi liandike majina ya wastaafu walio karibu, tuwatembelee na kuuliza, "Mzee, vidonge vipo?"

Haya si kuomba sadaka. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema mzee aishi kwa heshima, atunzwe na jamaa zake na Serikali.

Mimi nilidhani kunyamaza mbele ya baba ni adabu. Kumbe sivyo. Leo jioni kila mmoja amwulize mzee wake.